Siku moja karakana: kompyuta kuukuu na programu zinazojifunga zenyewe

Saa 2:00 asubuhi. Karakana iko Ngamiani, Tanga, na mashine nyingi zinazoingia hapa zina umri wa miaka kumi na kuendelea. Kazi ya kwanza ni kusoma matokeo ya MemTest86+, programu ya kupima ramu (kumbukumbu ya muda ya mashine), iliyoachwa ikizunguka usiku. Mzunguko mmoja hautoshi, maana ramu mbovu inaweza kupita wa kwanza ikaanguka wa tatu. Mstari mwekundu ukitokea, vibao vya ramu hupimwa kimoja kimoja katika tundu lilelile. Kosa likihama pamoja na kibao, kibao kimekufa. Likibaki tunduni hata ukiweka kibao kizima, tatizo ni tundu au mazabodi (bodi kuu ya mashine). Kwa hewa hii ya chumvi, mara nyingi ni uchafu tu kwenye meno ya kibao: sugua taratibu kwa raba safi ya penseli, pangusa kwa spiriti, kausha, rudisha. Usifute kwa shati.

Saa 3:00. Wateja wanaanza.

"Shikamoo fundi. Hii imeingia virusi, naomba unipigie Windows upya."

"Marahaba mwanangu. Ikijifunga inakuwaje?"

Jibu la hapo linaokoa nusu siku. Programu moja ikijifunga huku nyingine zinaendelea, shuku ramu au programu yenyewe. Kila kitu kikiganda na taa ya diski ikawaka bila kupepesa, shuku diski. Mashine ikizimika ghafla bila ujumbe wowote, shuku joto au pawa saplai. Kupiga Windows upya juu ya ramu mbovu ni kuandika mafaili mapya yakiwa tayari yameharibika. Fundi anayeanza na kufomati kabla ya kupima anauza bahati nasibu.

Saa 4:30. Zamu ya zinazochemka. Zima, chomoa waya, fungua, kisha shikilia mapanga ya feni kwa kidole kabla ya kupuliza vumbi. Yakiachwa yazunguke kwa kasi ya blowa, beringi huumia. Pesti ya prosesa (ile ya kupitisha joto) iliyokauka inakwanguliwa kwa plastiki, si kwa bisibisi, halafu mabaki yanafutwa kwa spiriti. Pesti mpya ni kiasi cha punje ya mchele katikati, basi. Skrubu zikazwe kwa mshazari, kidogo kidogo. Baada ya hapo prosesa ipewe kazi nzito nusu saa huku ukiangalia nyuzi joto. Ikifika 90 na kupanda, bomba la joto au feni bado ina kasoro.

Saa 6:00 mchana. Pawa saplai. Pima ikiwa imebeba mzigo, maana ikiwa tupu hata mbovu husoma vizuri. Waya wa njano uwe kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu 4.75 hadi 5.25. Ukitazama mazabodi za kati ya 2000 na 2007, angalia vichwa vya kapasita (vile vikopo vidogo vinavyohifadhi chaji) zilizo karibu na prosesa: vikivimba au kutoa ute wa kahawia, badilisha. Mikrofaradi ziwe zilezile, volti sawa au zaidi, za kuvumilia nyuzi joto 105, na upande wa hasi usikosewe. Ndani ya pawa saplai yenyewe hatugusi bila sababu. Kapasita kubwa hubaki na chaji hata waya ukiwa umechomolewa.

Saa 7:00, wali na samaki.

Saa 8:00. Mashine yenye skrini ya bluu, kodi 0x0000007B. Wengi hapa hufomati, na mafaili ya mtu yanapotea bure. Tazama saa kwanza. Ikiwa tarehe imerudi miaka ya nyuma, betri ya CR2032 kwenye mazabodi imeisha na baiosi (programu ndogo inayoamsha mashine) imesahau mipangilio: diski iliyokuwa kwenye AHCI, namna mpya ya kuwasiliana nayo, imerudi IDE, ile ya zamani, Windows haioni tena mahali pa kuwakia. Weka betri mpya ya volti 3, rudisha AHCI, sahihisha tarehe. Tarehe mbovu pia ndiyo inayofanya tovuti zigome kufunguka kwa kisingizio cha usalama.

Saa 9:30. Sasa zile ambazo kosa kweli ni programu. Fungua kumbukumbu za matukio za Windows usome kodi. 0xC0000005 ni programu kugusa sehemu ya ramu isiyoruhusiwa; kama ramu imeshapimwa ikafaulu, jaribu toleo jingine. 0xC000001D ni prosesa kupewa amri isiyoijua. Prosesa ya zamani ya Core 2 Duo haina AVX, kundi la amri lililokuja kwa prosesa za Intel mwaka 2011, na hakuna dawa ya kuiongeza. Windows 11 toleo la 24H2 nayo inadai POPCNT, amri nyingine ambayo Core 2 Duo haina, hivyo haiwaki kabisa humo. Mwambie mteja wazi: toleo la zamani la programu, Linux nyepesi, au mashine nyingine.

Saa 11:00 jioni. Diski. Katika ripoti ya SMART, ambayo diski hutoa kuhusu afya yake, tunatazama namba tatu. C7 (makosa ya mawasiliano ya kebo) ikipanda, badilisha kebo ya SATA kwanza, ni rahisi. 05 (sehemu mbovu zilizokwisha kubadilishwa) au C5 (zinazosubiri) zikipanda, diski inakufa, na isikaguliwe wala kufomatiwa kabla data haijatoka. Kuvuta mafaili kwa mkono kunaing'ang'aniza kwenye sehemu mbovu. Tumia ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, kutoka Linux ya flashi, ichukue kwanza sehemu nzima kwenda diski nyingine, na uipe faili la ramani: umeme ukikatika saa nane usiku, asubuhi unaiamuru iendelee pale ilipoishia.