Siku yangu na bwate (makopo) 16 za tomati

Saa kumi na mbili asubuhi niko macho, si kwa bidii yoyote, umeme umerudi na nimesahau kuzima redio. Mimi ni mchoraji, niko komini ya Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, Kongo, siyo ile nchi jamani.

Saa mbili naanza na mufuko. Mufuko wa unga naufumua mishono, naufua, unakauka, naukaza kwenye fremu ya mbao halafu napaka nyeupe mara mbili, lakini siyo nzito sana maana napenda ile "25 kg" ionekane kwa mbali chini ya rangi ya pinki. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu naye alichora kwenye mifuko ya unga, hapa hapa mjini, miaka ya 1970, historia ya nchi nzima, michoro zaidi ya 100. Basi mimi nachora bwate ya tomati.

Andy Warhol, yule msanii wa Amerika, mwaka 1962 alitoa bwate 32 za supu na kila moja ladha yake, mimi niko na 16 na ladha ni moja tu, ile ya jikoni kwa kila nyumba.

Saa tano nyekundu inaisha! Nilichanganya kidogo, sasa bwate ya 12 imetoka kama damu ya zamani, ukiitazama utasema imepita tarehe. Nimeiacha hivyo, bora kuliko zingine zote.

Saa saba nakula bukari, ugali wetu, na mboga ya lengalenga. Mama wa mboga anachungulia:

"Papa artisti, hii miye natupaka mu takataka kila siku, weye unaiuzisha?"

"Ndiyo mama."

"Basi nitakuletea ya kwangu, tugawane makuta."

Saa kumi anakuja papa mwenye baa kuangalia picha yake ya Mamba Muntu. Huyu mwanamke-samaki ndiye analipa kodi ya nyumba yangu, tusidanganyane, watu wanamutaka tangu zamani. Nimemuvalisha miwani ya jua na nyoka wake nimemuachia, ila mkononi nimemupa simu. Mzee akacheka sana, akatoa nusu ya pesa, akafika mlangoni akarudi.

"Toa hiyo simu, mwana. Atamupigia bibi yangu."

Saa moja usiku umeme umekata tena, nafuta simu ya Mamba Muntu kwa mwanga wa simu yangu, chaji asilimia 9.