Nimechora jua, likachomoza

Leo nimemaliza Okami. Ndiyo, ile gemu ya 2006. Nimechelewa mno, najua, msinicheke.

Kwa wasioijua: wewe ni Amaterasu, mungu wa jua wa Wajapani, katika umbo la mbwa mwitu mweupe. Kikubwa ulicho nacho ni brashi ya wino. Unasimamisha kila kitu, skrini inageuka karatasi, unachora.

Duara angani, jua linatoka.
Duara kwenye mti mkavu, unachanua.

Lakini kilichonishika ni kidogo kuliko hivyo. Nusu saa nzima leo nimekimbia tu uwandani, maadui nimewaacha huko, kwa sababu kila anapokanyaga huyo mnyama maua yanaota nyuma yake, kisha yanafifia. Hayana kazi yoyote. Kuna mtu alikaa akayatengeneza ili yapendeze tu.

Koo likanikaba. Mimi, mtu mzima!

Maana ilipotoka kwenye PlayStation 2 haikuuza. Wahakiki waliisifu, wanunuzi wakaipita, na studio iliyoiunda, Clover, ikafungwa 2007. Baadaye ilitolewa upya kwenye mashine nyingine, ndiyo sababu hata mimi nimeifikia.

(Halafu unaweza kubweka. Nimebweka sana.)

Haya, zamu yenu: gemu gani mnaipenda ambayo kila mkiitaja watu wanawakodolea macho? Tupieni hapo chini. Nikiamka naanza nyingine.