Nilivyochagua mnyororo wa kufungia baiskeli yangu kwa tupa

Baiskeli yangu ya kwanza, Phoenix nyeusi niliyoachiwa na baba, iliibwa mchana kweupe hapa Ngamiani, Tanga. Niliifunga kwa waya wa kusuka wenye ganda la plastiki, nikaingia dukani kuchukua vitambaa vya mteja. Nilipotoka, waya ulikuwa chini, umekatwa mahali pamoja tu, nyuzi zake zimechanua kama ufagio. Nilirudi Mabawa kwa miguu, mzigo kichwani, nalia.

Mimi ni fundi cherehani. Baiskeli ndiyo inayonipeleka Chumbageni kupima wateja na kurudisha nguo zao. Miezi mitano baadaye nilipata nyingine ya mtumba, na safari hii niliapa sitanunua kufuli kwa kuliangalia tu.

Nilianzia kwa mzee mmoja fundi baiskeli. Nikamwamkia, nikamwonyesha kile kipande cha waya.

"Marahaba, mwanangu. Huu hata koleo inaukata. Unene unaouona ni wa plastiki." Akatoa tupa ndogo kwenye sanduku lake. "Nenda nayo dukani. Chuma laini tupa inakila. Kilichopikwa, kikapozwa ghafla mpaka kikawa kigumu, tupa inateleza juu yake."

Nikaenda nayo. Kwenye duka la kwanza la vifaa vya ujenzi waliniwekea mezani mnyororo mnene unaong'aa, unaouzwa kwa mita. "Mama, huu unafunga hata ng'ombe," kijana akasema. Nikaomba kujaribu pingili ya mwisho, akakubali. Usiishie kwenye mkwaruzo wa kwanza, maana rangi ya juu au zinki hukwaruzika hata kama chuma cha ndani ni kigumu. Niliendelea kidogo, na chini ya ule mng'ao tupa ikang'ata, unga wa chuma ukadondoka mezani. Unafaa geti la uani. Msumeno wa chuma unaupitia bila taabu.

Duka la tatu, wanapouza vipuri vya pikipiki, nikakuta mnyororo ulioviringishiwa kitambaa, pingili zake zina pembe nne, unene milimita 8. Tupa iliteleza ikalia kama kucha kwenye kioo. Bei ilikuwa karibu mara nne ya ule waya wangu wa zamani, na nililipa bila kusita. Kulikuwa na wa milimita 10 pia, lakini mita moja ya unene huo inazidi kilo 2, na najijua, ningeuacha nyumbani siku ya pili. Grinda ingekata wowote kati ya hiyo miwili, ila grinda inapiga kelele na kurusha cheche, na mimi naegesha mbele za watu.

Kufuli lilinisumbua zaidi. La kwanza nililonunua lilikuwa zuri, lakini mkono wake haukupita kwenye pingili! Nikarudi na mnyororo kikapuni, tukajaribu moja baada ya jingine mpaka likapatikana lenye mwili wa shaba ya njano na mkono mfupi, mgumu, unaobana pingili mbili bila kuacha nafasi ya kupenyeza mtaimbo. Shaba niliitaka kwa sababu ya hewa ya chumvi. Kufuli langu la chuma la mlango liliwahi kuganda baada ya masika moja tu. Hili nalitia tone la mafuta ya cherehani kila baada ya wiki mbili, na ninapofunga baiskeli, tundu la ufunguo nalielekeza chini, mvua isiingie.

Kufunga kwenyewe nako kuna namna yake. Napitisha mnyororo kwenye fremu pamoja na gurudumu la nyuma, kisha kwenye nguzo, na nauweka juu usiguse ardhi. Ukilala chini, mwizi anaweka mpini mmoja wa mkasi wa nondo ardhini, mwingine anaukandamiza kwa uzito wake wote. Nguzo naitikisa kwanza, halafu naangalia kichwa chake, maana fupi isiyo na kitu juu mtu anainyanyua baiskeli na mnyororo wake akaenda nayo.

Limebaki gurudumu la mbele, linalofunguka kwa mkono bila spana. Fundi ameniahidi kulitia nati za kawaida Jumamosi. Kwa sasa nalifunga na fremu kwa waya mwingine mwembamba.