Swali linalokuja kabla ya sanda

Watu wengi hapa Mombasa hudhani kinachowazuia wazazi kutoa viungo vya mtoto aliyefariki ni dini. Mimi nazidi kuamini ni muda, na namna habari inavyotolewa.

Chukua kifo cha ubongo. Mtoto kagongwa na bodaboda, ubongo umevimba hata damu haipandi tena kichwani. Mashine ya kupumulia inasukuma hewa, kifua kinapanda na kushuka, mkono una joto. Mama kaushika, mara kidole kinacheza. Uti wa mgongo unaweza kukichezesha bila amri ya ubongo, lakini mama asiyeelezwa mapema ataona wanataka kumpasua mwanawe akiwa hai, na nani atamlaumu? Daktari anayesema "mashine inamweka hai" ndiye aliyeharibu. Aseme kafariki, na ataje saa.

Vipimo vya kuthibitisha kifo hicho vielezwe kimoja kimoja. Mboni hazisinyai zikimulikwa, jicho halipepesi likiguswa kwa pamba, hakohoi mrija ukisukumwa kooni. Mwisho huongezewa oksijeni, mashine ikasimamishwa dakika kadhaa, kuangalia kama atavuta pumzi mwenyewe. Kwa watoto hurudiwa na daktari wa pili baada ya saa kadhaa. Mzazi akitaka kushuhudia, aruhusiwe. Habari ya viungo ingoje hadi kifo kimeingia akilini, na ailete mtu mwingine, si aliyekuwa akimtibu.

Moyo ukishatolewa una saa 4 hadi 6 tu, na timu ya kupandikiza lazima iwe tayari. Kenya, figo zinazopandikizwa kwa kawaida hutoka kwa ndugu walio hai. Kwa hiyo kwa familia ya huku, kilicho karibu zaidi ni konea, ule utando mwangavu wa mbele ya jicho, unene wake kama nusu milimita. Haina mishipa ya damu, ndiyo maana huweza kutolewa hata moyo ukishasimama, vizuri zaidi ndani ya saa 6 hadi 12.

Wakati wa kungoja mtaalamu wa kuitoa, kope zifungwe, juu yake iwekwe pamba iliyoloweshwa maji ya chumvi ya hospitali, kichwa kiinuliwe kwa mto, feni izimwe. Feni hukausha konea, na ikikauka imeharibika. Damu kidogo huchukuliwa kupima virusi vya ukimwi na homa ya ini B na C. Aliyefariki kwa kichaa cha mbwa au saratani ya damu hachukuliwi. Wa chini ya miaka 2 kwa kawaida pia, konea yake ni laini mno. Kazi yenyewe haimalizi saa moja. Chini ya kope huwekwa kifuniko cha plastiki, hivyo hata anayemwosha haoni shimo. Konea ikihifadhiwa kwenye dawa yake, kwenye baridi ya nyuzijoto 4, hukaa hadi siku 14, muda wa kutosha kuifikisha benki ya macho Nairobi.

Maziko ya alasiri basi hayaponyoki, mradi simu imepigwa asubuhi na mtaalamu yupo karibu. Kifo cha ajali kina polisi ndani yake, kwa hiyo daktari wa uchunguzi wa maiti ajulishwe kabla konea haijaguswa.

Baraza la Fiqhi la Kiislamu, Jeddah, liliruhusu utoaji wa viungo mwaka 1988 kwa idhini ya marehemu au warithi, bila kuuza. Papa Yohane Paulo wa Pili naye aliusifu utoaji huo mwaka 2000. Sheria ya Afya ya 2017 inawapa wazazi nafasi ya kuamua. Ami na shangazi hushauri tu, ingawa nyumba nyingi zetu huwasubiri wao hadi saa zinakwisha. Na anayetaja malipo afukuzwe, kutoza fedha kwa kiungo ni kosa la jinai.

Baba akikubali na mama akikataa, kwangu mimi jambo limekwisha, hata kama karatasi ina saini tayari. Asiletewe shehe wala padri wa kumlainisha.