Kutoka 1377 hadi FM: jinsi muziki wa Mwanza ulivyopata hewa

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, utangazaji wa redio Tanzania Bara ulikuwa mikononi mwa serikali kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya 1993 ikafungua mlango kwa vituo binafsi. Radio One ikaanza Dar 1994, na muongo huohuo Mwanza ikapata Radio Free Africa. Kanda ya Ziwa wengi waliikamata masafa ya kati (AM), kilohezi 1377. Kiss FM, ndugu yake wa kampuni moja, ndiyo iliyowalenga vijana na muziki.

Masafa ya kati yalifaa sana kwa habari na salamu. Wimbi la 1377 lina urefu wa takriban mita 218, hivyo linapita nyuma ya vilima bila shida, na usiku huakisiwa na tabaka la juu la anga likasikika nchi za mbali. Kwa muziki, hapana. Katika masafa hayo vituo hupangwa kila baada ya kilohezi 9, kwa hiyo kwenye redio nyingi za kawaida sauti nyembamba, zile za juu ya kama kilohezi 4.5, hukatwa. Matoazi yanapotea, kinanda kinafifia. Ongeza radi za ziwani na chaja za bei rahisi, unabaki na mkwaruzo. FM hubeba sauti hadi kilohezi 15, tena kwa stirio. Bongo Fleva, inayoegemea besi na sauti safi ya mwimbaji, ilihitaji hilo.

Ila FM hudai mlingoti mrefu, kwa sababu mawimbi yake hayapindi sana. Antena ikiwa mita 50 juu ya usawa wa ziwa, redio iliyoshikwa mkononi ufukweni huipata hadi kama kilomita 35. Ipandishe mita 150, inafika karibu 56. Nansio, Ukerewe, iko takriban kilomita 50 kutoka mjini, kwa hiyo kilima unachochagua ndicho kinachoamua kama mvuvi wa kule atakuwa msikilizaji wako. Kuongeza nguvu ya mtambo wa kurushia matangazo hakuzibi pengo hilo. Mimi naamini fedha ya kwanza ya kituo iende kwenye mlingoti, kebo na waya wa ardhini, studio ifuate. Maji yakiingia kwenye kiungo cha kebo, nguvu hurudi nyuma, mtambo unajipunguza wenyewe au unaungua. Kiungo kifungwe vizuri kwa utepe wa mpira na kikaguliwe kabla ya masika.

Majabali ya Mwanza nayo yana yake. Wimbi hugonga mwamba na kukufikia mara mbili kwa kupishana, sauti ikapasuka ingawa mtambo uko karibu. Hapo sogeza redio sentimita 75, robo ya wimbi la FM, kisha jaribu upande mwingine. Kukiwa na mkoromo tu, zima stirio: mono, yaani sauti ya njia moja, huupunguza sana.

Kwenye simu, waya wa spika za masikioni ndio antena. Ukiukunja mfukoni umeifunga redio, unyooshe wima. Spika zisizo na waya hazisaidii kukamata chochote.