Siku moja maishani mwangu: Jumatano kwenye mashine za figo

Saa 10:20 alfajiri. Chai ya rangi, chapati ya jana, mbio kituoni. Daladala ya kwanza kutoka Mbezi haina vurugu, nalala hadi Ubungo.

Saa 11:40. Nawasha mashine na kupima klorini kwenye maji. Haina hadithi, ila ukiikosea unaumiza watu.

Saa 12:15 asubuhi. Kundi la kwanza linaingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, sista. Leo paja usiliguse."

Mama huyu ana sukari ya siku nyingi, na huu ni mwaka wake wa sita kusafishwa damu. Mzani unasema maji yamezidi kilo 2.8. Lile paja lilianza kwa maumivu matupu. Zahanati moja walimwambia ni jipu linaiva. Picha za ugonjwa wake nilizosomea chuoni zilikuwa za ngozi nyeupe, zenye mistari ya zambarau iliyosukana kama wavu. Kwenye ngozi yetu zambarau hiyo huiona wapi? Unaona weusi kidogo, basi. Mkono ndio ulioniambia: niligusa, chini pagumu kama ubao, na mama akapiga yowe.

Daktari akasema kalsifilaksisi. Fosfeti ambayo figo zimeshindwa kuitoa hukutana na madini ya chokaa, chokaa ikajipachika kwenye kuta za vishipa vidogo chini ya ngozi. Vishipa vikiziba, ngozi inakosa damu na kufa. Hutokea kwa wachache, na jina lake kwenye kadi ya rufaa kila mtu huliandika anavyojua.

Saa 3:10. Imebaki saa moja kwenye mashine, natundika dripu ya sodiamu thiosulfeti, dawa ya hilo paja, gramu 25. Familia imeihangaikia kweli kuipata. Mabingwa wenyewe wanabishana kama inasaidia. Ndoo naisogeza karibu, maana humtapisha.

Saa 4:30. Kufunga kidonda, ndiyo sehemu ninayoiogopa. Kwanza dawa ya maumivu, halafu tunasubiri. Morfini tunaikwepa kwa mtu asiye na figo, kwa kuwa mabaki yake hujikusanya mwilini, ameandikiwa fentanili. Kigaga ni cheusi, upana wa kiganja. Nalowanisha gozi kwa maji ya chumvi, nabandua polepole, yeye anahesabu kwa Kihehe. Natafuta usaha, harufu mpya, joto. Karibu nusu ya wagonjwa hawa hawamalizi mwaka, na mara nyingi wanaowaua ni bakteria walioingia kwenye damu kupitia kidonda. Leo pembeni pana wekundu wa nyama hai. Sijamwambia mwanaye, atashangilia mapema.

Saa 6:00 mchana. Wali kwa mchicha. Mwanaye ananiuliza kama mama atarudishiwa warfarini, ile dawa ya moyo ya kuzuia damu isigande. Hapana, mwanangu, hiyo huizuia protini inayolinda mishipa isiingie chokaa, ndiyo maana daktari kaibadilisha. Ananiuliza na dagaa. Hapo namtuma kwa mtaalamu wa lishe, mimi mwenyewe nimebanwa.

Saa 8:20. Kundi la pili. Kijana wa kitanda cha nne analalamika tumbo linachoma chini ya kitovu, juujuu, kwenye ngozi. Nimegusa. Laini. Nimegusa tena upande wa pili, kisha nikaandika kwenye faili na kumwita daktari.