Mgongano wa maslahi kwenye ushauri wa bure, mi nimeumudu hivi

Mi ni wakili na najitolea kwenye ushauri wa kisheria wa bure, ule wa mtu anakaa mnaongea kidogo, unamsaidia kujaza fomu, anaondoka. Kabla sijaanza kila mtu alikuwa na lake. Mmoja akaniambia pale hakuna cha mgongano wa maslahi, yaani kumsaidia mtu kumbe anayegombana naye ni mteja wako au wa ofisi yako, ushauri wa robo saa utakuwa na mgongano gani. Hilo lilinikera na linanikera mpaka leo, maana mtu akishakumwagia mambo yake ukampa ushauri huyo ni mteja wako, na siri zake unazitunza hata akishaondoka.

Mwingine naye akaja na lake, eti kila anayeingia jina lipitishwe kwanza kwenye mafaili yote ya ofisini kwako. Waratibu wakalijaribu hilo. Jamani! Fomu ndefu, simu ofisini, tunasubiri jibu, foleni haisogei, na kuna watu wana kesi kesho yake asubuhi wanaondoka hivihivi bila kuongea na wakili yeyote. Likaachwa. Ndo maana kule Marekani kanuni za mfano za chama cha mawakili ziliongezewa kanuni ya 6.5 mwaka 2002, kwamba kwenye huduma fupi iliyoandaliwa na mahakama au taasisi isiyo ya faida wakili anabanwa na mgongano anaoujua, na wa mwenzake wa ofisini haumgusi mpaka aujue.

Kwa hiyo mi kazi yangu ni kujua mapema, kabla siri haijatoka. Mtu akikaa tu namuuliza unadaiana au unagombana na nani, nitajie jina kwanza, mengine baadaye. Siku moja kaja mama na notisi ya kuhamishwa, kaikunjua mezani vidole vinamtetemeka, anataka kuanza tangu mwanzo. Nikaifunika ile karatasi kwa mkono, nikamwambia samahani mama, mwenye nyumba anaitwa nani? Akamtaja mtu ambaye namsimamia mimi mwenyewe kwenye kesi nyingine! Notisi sikuisoma hata mstari. Nikamwambia mama, hili mimi siwezi, twende kwa mwenzangu pale, wa kampuni nyingine, nikampeleka mwenyewe bila kumrudisha kwenye foleni, akahudumiwa vizuri tu. Akaniuliza kwa nini, sikumwambia, kwa sababu hata kusema yule ni mteja wangu inaweza kuwa kutoa siri ya mteja. Nilifurahi sana siku ile.

Halafu stori za mapumziko. Mke na mume wanagombana, mke kahudumiwa na mwenzako wa ofisi moja, mume kaja kwako, hakuna aliyejua, hapo hamna shida, ila mkianza kusimuliana ya wateja mmoja wenu anaunganisha, na ukishajua umeshajua. Mi stori hizo nazikataa waziwazi, anayenuna anune.

Karatasi ya kwamba msaada ni wa leo tu naisoma kwa sauti, wengi wanasaini bila kuisoma. Na akitaka nimsimamie mpaka mwisho, ile nafuu ya huduma fupi imeisha, majina yote narudi kuyapitisha kwenye mafaili kama kwa mteja mwingine yeyote. Pale mezani simwahidi mtu hata kesi yake iniume vipi, namba ya ofisi nampa, jibu anapata majina yakishapita.